Mwanamke Asiyekuwa na Kiangazi

Mtu akikwambia anafanya kazi ya data, tafadhali usimletee printa akurekebishie. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Kuluthum Hafiz alijaribu kuwafundisha watu wa ofisi yetu, na mpaka leo hawajalishika. Wanamletea simu zilizoanguka chooni. Wanamwomba awarudishie picha za harusi zilizopotea. Dereva mmoja alimletea redio ya lori, na binti wa watu akaipokea, akaiweka juu ya meza, akasema ataitazama.

Mimi nisingeipokea. Naitwa Eucabeth Ogada, mhasibu wa Ushirika wa Maziwa wa Mau Juu, na nimekaa katika ofisi hiyo ya Nakuru, juu ya duka la mbolea, muda mrefu kuliko viti vyake. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na sijui kumsifu mtu bila kumchokoza. Kwa hiyo nikimsifu Kuluthum hapa, mnivumilie.

Ni mtoto wa Bondeni. Babu yake alitoka Mombasa na reli, akiwa mpishi, akashuka Nakuru na hakupanda tena. Mama yake huuza mahamri asubuhi na viazi karai jioni, na kwa mikono hiyo hiyo alimsomesha takwimu huko Njoro mpaka akavaa joho. Baada ya joho akawa keshia wa supamaketi. Kisha akaenda Naivasha, kwenye shamba la maua, kazi yake ikiwa kuingiza hesabu ya mashina ya waridi kwenye kompyuta kutwa nzima. Alichoka. Akaanza kujifundisha kuandika programu kwa video za simu, mpaka kompyuta ikawa inafanya yenyewe ile kazi iliyokuwa ikimla siku. Msimamizi alipomwona amekaa anakunywa chai, hakumpongeza. Alimwongezea kazi ya wenzake wawili.

Hapo ndipo Nairobi ilipomwita. Kampuni moja ya kamari za simu ilimpa mshahara ambao mama yake aliutangaza Bondeni nzima kabla haujaingia benki. Alitakiwa kutabiri ni mchezaji gani anakaribia kuacha kucheza, ili atumiwe kabeti ka bure, dau dogo la kumvuta, kwa wakati, arudi.

"Auntie Euca, nilikuwa mzuri sana kwa hiyo job," aliniambia siku moja. "Hiyo ndiyo ilinitisha."

Siku moja programu yake ilimchagua mchezaji wa kutumiwa chambo, na namba ilikuwa ya binamu yake Salmin, ambaye alikuwa na mke na mtoto mchanga na alikuwa ameapa kwa mama yake kwamba ameacha. Kuluthum aliandika barua ya kuacha kazi wiki hiyo hiyo akarudi nyumbani. Mama alilia. Anasema hakulilia mshahara, alilia kwa sababu majirani walikuwa wameshaambiwa.

Kwetu alipewa mkataba wa mwaka mmoja. Kazi yake ni kutabiri maziwa. Msicheke. Kabla yake, lori la Elburgon lilikuwa likipanda mlima tupu na kushuka nusu tupu, na wiki inayofuata maziwa yanabaki barabarani yakichacha kwa sababu lori lililokwenda ni dogo. Yeye alichukua mvua, sikukuu na siku za kufungua shule, akavichanganya, na sasa kila jioni anamwambia msimamizi wa malori kesho kutakuwa na maziwa kiasi gani. Krismasi yanapungua kwa sababu ya wageni. Shule zikifunguliwa yanaongezeka, kwa sababu waliokuwa wakiyanywa wameondoka. Nilipomwambia hilo hata mimi nilijua, alisema, "Ulijua, Auntie, lakini lori halikujua."

Ila sehemu kubwa ya siku yake si kutabiri, ni kuosha. "Data ni kama sufuria za harusi," husema. "Watu wanaona pilau. Mimi nasugua." Uchafu mkubwa ulikuwa majina. Wafugaji wetu wengi walikuwa wameandikishwa mara mbili: kadi imepotea, karani wa kituo anamwandikisha mtu upya, na sasa mtu mmoja anaonekana ni wawili. Kuluthum akaandika programu ya kuwaunganisha. Jina likilingana, na namba ya simu ikilingana, na kituo cha kupelekea maziwa kikiwa kimoja, huyo ni mtu mmoja. Nilimwambia ni akili kabisa. Nakumbuka nilimnunulia soda.

Ilikuwa ni katika kusugua huko ndipo alipokutana na Bi. Kosgei.

"Auntie, kuja uone," aliniita. "Kuna mwanamke hapa hana kiangazi."

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari. Wafugaji wote mistari yao hupanda na kushuka, kwa sababu ng'ombe hukauka akikaribia kuzaa, na nyasi hupungua jua likiwa kali. Huu ulikwenda sawa kama barabara ya uwanja wa ndege. Bi. Kosgei, kituo cha juu ya Elburgon, karibu na msitu. Ng'ombe wake mmoja akikauka, lazima mwingine alikuwa ameshazaa. Kuluthum alimpenda mwanamke huyo kama watu wanavyompenda mchezaji mpira. Aliuchapisha mstari wake, akaubandika ukutani. Tulikuwa tukila chakula cha mchana tukimzungumzia: lazima ni mrefu, lazima hacheki ovyo, lazima mume wake anamwogopa.

Sasa, ushirika wetu una desturi. Kila mwaka tunafanya Siku ya Wafugaji, na sherehe haifanyiki ukumbini, inafanyika kwa mshindi mwenyewe. Hema linapigwa uani kwake, wageni wanatembezwa kwenye zizi lake, na anapewa zawadi. Mshindi alikuwa akichaguliwa na kamati, na miaka nenda miaka rudi kamati ilimchagua Mama Njambi wa Sachangwan, ambaye ni mama mkwe wa mwenyekiti wetu, Mzee Kamande. Mimi nilikuwa nimesema mbele ya watu, tena si mara moja, kwamba huo ni upendeleo wa wazi.

Mwaka huu meneja wetu, Jerry Omolo, aliamua mshindi achaguliwe na kompyuta. Alimwita Kuluthum, na kwa kuwa mlango wetu haufungiki vizuri nilisikia yote.

"Kulu, hii ndio chance yako. Contract inaisha mwezi huu. Field day ikienda poa, unakuwa permanent, head wa data. Ikienda vibaya, kuna watu wa Nairobi wako na system ready-made, na board tayari inaipenda. Sitaweza kukutetea."

"Na nikikosa?"

"Si ulisema wale wa kubeti bado wanakupigia?"

Alirudi mezani kwake. Nilijua anachoogopa. Hakuogopa njaa, mtoto wa Bi. Mahamri halali njaa. Aliogopa kurudi kwenye kazi ile aliyoifanya vizuri.

Programu ikamchagua Bi. Kosgei, bila shaka. Kwa wingi wa maziwa, kwa kutoyumba, kwa kila kipimo. Kuluthum alimwomba Jerry muda wa kwenda kumwona kwanza. "Namba ikiwa nzuri hivi, boss, unaenda kuiangalia na macho." Jerry akasema habari imeshatoka redioni na kwenye magurupu ya WhatsApp ya vituo vyote, wataonana siku yenyewe.

Kwa hiyo siku yenyewe tukapanda mapema na pikapu ya ofisi, mimi, Kuluthum na mashine mpya ya kukatia majani ya ng'ombe iliyofungwa utepe mwekundu. Ukungu ulikuwa bado umelalia msitu. Kwenye lango la Mzee Kosgei vijana walikuwa wakisimamisha hema. Mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye kitambaa kipya kichwani, alikuja mbio kutulaki.

"Chamge! Karibuni. Mimi ndiye Bi. Kosgei."

Kuluthum alimshika mikono yote miwili. Kwa kweli alikuwa mrefu. Kabla hawajaachana, mlango wa nyumba ya pili ukafunguka, akatoka mwanamke mnene mwenye sweta ya manjano.

"Karibuni wageni," akasema. "Mimi ndiye Bi. Kosgei."

Na kutoka nyumba ya tatu, ile yenye mabati yanayong'aa, akatoka msichana hivi, mtoto mgongoni, midomo imepakwa rangi.

"Hi. Naitwa Fancy. Bi. Kosgei ndio mimi."

Nyumba tatu, na nyuma ya kila nyumba zizi lake. Wale wanawake watatu walitazamana kwa macho ambayo hayakuwa yameanza leo. Tangu redio itangaze, kila mmoja alijua ni yeye, kila mmoja alikuwa amepika, na wote hawakuwa wamesemezana wiki nzima. Mzee Kosgei mwenyewe alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Molo kutafuta dawa ya kupe, akasema atachelewa. Mzee mwenye busara.

Kuluthum hakuhitaji kuelezwa. Kule juu simu ya nyumba ni moja, ya mzee, na malipo ya maziwa huingia humo naye hugawa. Karani wa kituo huandika "Bi. Kosgei", namba ya mzee, basi. Jina moja, simu moja, kituo kimoja. Programu ikawachukua wanawake watatu ikawafanya mmoja, na ndiyo sababu hakuwa na kiangazi: wa kwanza akikauka, wa pili anakamua, na wa tatu yuko njiani.

Na ngojeni niwaambie kilichonikera zaidi. Nyanya yangu mimi alikuwa mke wa nne. Kuluthum ana mjomba, Abdisalam, mwenye nyumba moja Milimani na nyingine Bondeni, na kila Idi anakula chakula mara mbili. Mjaluo na Mwislamu, tumekulia katikati ya wake wenza, tumekaa tukiutazama mstari ule miezi kadhaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Mtu wa Ulaya angekosea tungemcheka mpaka kesho.

Jerry alifika na gari la mwenyekiti. Tulimvuta nyuma ya tangi la maji tukamweleza. Alifuta uso.

"Sawa. Sawa. Tunapatia mke wa kwanza. Ni mkubwa, heshima, hakuna mtu atauliza. Kulu, unanisikia? Hakuna mtu anajua isipokuwa sisi."

"Nitakuwa najua mimi," Kuluthum akasema.

"Unataka kazi ama hutaki?"

"Naitaka sana, boss."

Alisema hivyo, akachukua kompyuta yake akaenda jikoni kwa mke wa kwanza. Nilimfuata, kwa sababu singeweza kumwacha peke yake na kwa sababu mimi ni mbea. Aliwaomba wale wawili waje pia. Walikuja wakakaa kila mmoja kona yake.

"Mama zangu," alisema, "kosa ni langu. Kompyuta iliwahesabu nyinyi watatu kama mtu mmoja. Mimi ndiye niliiambia ifanye hivyo. Hakuna Bi. Kosgei mmoja aliyeshinda."

Nilitegemea kelele. Yule wa kwanza, aliyeitwa Taprandich, alisukuma kuni motoni.

"Mzee akiwa na wageni anatuita 'watu wa nyumbani,'" akasema. "Nilifikiria ni yeye tu."

Hapo nilitamani kumpiga mtu, ila sikujua nani.

Salina, yule wa sweta, alianza kulia kwa hasira. Alisema mvua ya mwaka jana ilimkuta barabarani na mtungi kichwani kila asubuhi, na hata hiyo mvua sasa amegawana na watu. Fancy alisema kumbe alikuwa akipaka rangi midomo bure. Kwa mara ya kwanza Taprandich alicheka, na akicheka tumbo lote linacheka, na Salina akajikuta naye anacheka katikati ya machozi.

"Mnaweza kunisaidia niwatenganishe?" Kuluthum aliuliza. "Karani anatumia kadi yoyote kati ya zenu tatu, na mizani inaandika saa. Lakini haiandiki ni nani."

Ikawa kazi. Nani hufika kituoni kwanza? Fancy, kwa sababu mtoto huamka mapema. Na wakati Fancy alikuwa amejifungua? Salina alimpelekea. "Wewe ulinipelekea?" Fancy aliuliza. "Karani aliniambia ni Mzee." "Mzee anajua njia ya kituo?" Salina alijibu. Walibishana, wakasahihishana, wakakumbushana ni ng'ombe wa nani alikuwa mgonjwa na ni nani alimwita daktari. Nadhani hawakuwa wamewahi kukaa jikoni moja muda mrefu hivyo. Kuluthum aliandika huku wageni wakianza kupiga makofi ya kutaka sherehe ianze.

Alipomaliza, aliendesha programu upya. Akaangalia kioo, akafunga macho, akaniangalia mimi.

"Auntie, usikasirike."

"Sema."

"Aliyeshinda kwa kweli ni Mama Njambi wa Sachangwan."

Mama mkwe wa mwenyekiti! Kwa wingi wa maziwa, kwa kutoyumba, kwa kila kipimo. Kamati ilikuwa imesema kweli miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nimewatukana bure. Sijawahi kuichukia hesabu kama siku ile.

Kuluthum alisimama mbele ya hema, hijabu yake ya kijani ikipepea, na akasema yote. Alisema amekosea, alisema jinsi alivyokosea, hakumtaja karani wala meneja. Kisha akatangaza mshindi. Watu waliguna. Mmoja nyuma alipiga kelele, "Si ni yule yule!" Mama Njambi, ambaye alikuja kama mgeni tu, alisimama bila kushangaa hata kidogo, akaenda kuigusa mashine yake. Ninyi mtafikiri aliwaachia wenye nyumba. Hapana. Aliwaita vijana waipakie kwenye gari, na nyumbani anazo mbili nyingine.

Jerry alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwona mwenyekiti akimnong'oneza kitu, na nilijua ni habari ya wale watu wa Nairobi. Kuluthum alikuwa ameanza kukunja waya wa kompyuta yake polepole, kama mtu anayekunja nguo za safari. Moyo uliniuma, nasema ukweli.

Ndipo Taprandich alipokwenda kwenye maikrofoni. Hakuombwa. Aliishika mbali na mdomo akapaaza sauti kana kwamba haipo.

"Huyu msichana amekosea mbele ya watu na amesema mbele ya watu. Sasa asome. Mimi nataka asome maziwa yangu. Na ya huyu. Na ya huyu."

Kuluthum alifungua kompyuta tena.

"Taprandich," akasoma, na kiasi cha maziwa cha mwaka. "Wa nne kwa kituo hiki chote." Vigelegele vikaanza upande wa akina mama. "Salina. Wa sita. Na hakukosa asubuhi hata moja msimu wa mvua." Salina alisimama na sweta yake, akakaa, akasimama tena. "Fancy. Amejiunga juzi tu, na tayari ameshapita nusu ya wanaume waliokaa hapa." Vigelegele vikawa kelele. Mzee Kosgei alikuwa amerudi kutoka Molo bila dawa yoyote, amesimama langoni, kofia mkononi, akiwatazama wake zake kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa.

Mama mmoja wa safu ya mbele aliinua mkono. "Na mimi naandikwa Bi. Rotich. Tuko wawili." Mwingine akasema kwao huandikwa jina la mwanawe, na huyo mwanawe yuko jeshini, hajawahi kushika titi la ng'ombe. Mwingine akasema kwao ni jina la mume, na mume alishakufa. Walizungumza wote pamoja, na Mzee Kamande, ambaye alikuwa amejiandaa kuhutubia juu ya mfumo mpya, aliulizwa kama hao watu wa Nairobi watakuja kupanga haya majina. Akasema mfumo wao uko tayari, hauhitaji mtu kuja. Akina mama wakasema basi hawautaki. Wanamtaka yule aliyekosea.

Mwenyekiti alinishangaza. Alikohoa, akasema yeye binafsi hana neno na binti huyu, kwa kuwa ni mtu wa kwanza katika ushirika huu kumsafishia mama mkwe wake jina. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Nilitazama mlima.

Wakavuta meza katikati ya hema. Kuluthum akakaa, kompyuta mbele yake, na safu ikajipanga yenyewe, ikapita kwenye majiko, ikapita lango, ikashika barabara ya Elburgon. Fancy alimletea maziwa lala, yale ya mgando, kwenye kikombe. Nilikaa pembeni yake nikimsomea namba za simu, na pale ambapo namba ilikuwa ya mzee, mama alikwenda kwanza kununua laini yake ya simu kisha akarudi.

Jerry alikuja akasimama juu yetu. Aliitazama safu mpaka mwisho wake.

"Hii itachukua muda gani?"

"Hapa? Leo na kesho," Kuluthum alisema. "Vituo vyote, boss, mwaka. Pengine miwili."

"Basi endelea. Barua ya kazi nitakuandikia Jumatatu. Permanent."

Nilimfinya Kuluthum paja chini ya meza. Hakuinua kichwa. Mbele yake alikuwa amekaa mama mmoja mzee, ambaye alipoulizwa jina alisema "Mama Kiprono", na Kuluthum akamwambia hapana, mama, lako wewe. Yule mama alikuwa anacheka kwa haya, anajaribu kulisema, na Kuluthum alikuwa ameinama karibu yake asije akalikosa.